Ile Sauti ya Maabara

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umeanza leo na tayari nimeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilidhani ni habari ya sare, maana sketi ya Chiriku imempanda magotini. Haikuwa sare.

"Kaa, Mama Chiriku," akasema, na mwanamke yule akikwambia kaa, ujue kuna jambo. "Huyu mtoto nikimuuliza kwa mdomo anawashinda wote. Nikimpa karatasi, anakuwa mtu mwingine. Nimefundisha siku nyingi, mama. Huo ni uvivu, au kuna mtu anamnong'oneza majibu."

Nikasema si uvivu. Akauliza, kama si uvivu ni nini. Hapo ndipo nilipojiponza. Nikamwambia nafanya kazi kwenye maabara inayochunguza jambo hilohilo, jinsi ubongo unavyopokea sauti za maneno kwa watu wenye disleksia, yaani wale ambao kusoma kunawakataa ingawa akili zao ni nzima. Macho yakamtoka.

"Basi nileteeni kitu chenye mhuri kutoka huko kwenye mashine zenu, kabla hatujafunga shule. Nikikiona, atapanda darasa na wenzake na tutamtafutia njia. Nisipokiona, la nne halirudiwi mara ya tatu hapa. Mtamtafutia shule nyingine."

Nikaitikia upesi, kama naagizwa mkate dukani.

Chiriku ni binti yangu wa pekee, ana miaka kumi na mmoja. Jina hilo alibandikwa na wifi yangu, tunayekaa naye, kwa sababu tangu mtoto aote meno hajafunga mdomo. Anaimba akioga, anasimulia akila, hata usingizini anagombana na watu. Naandika humu kwa kuwa nikimwambia baba yake kila ninachokiogopa atasema nakuza mambo. Na kweli nakuza. Lakini mengine yanakua yenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Bati linavuja palepale pa mwaka jana. Chiriku ameimba bafuni hadi maji yakaisha.

Alhamisi, 6 Machi

Baba yake ameuliza mwalimu mkuu alitaka nini. Nimesema sare.

Jumatatu, 10 Machi

Watu wakisikia nafanya kazi maabara wananiita daktari, na mama mmoja wa jirani aliwahi kunionyesha jipu. Mimi ni msaidizi. Kofia zetu za kupimia ni za kitambaa chenye vishimo, na kila kishimo kina kifungo kinachopokea umeme mdogo sana wa ubongo. Napima kichwa cha mtoto kwa utepe, kutoka mzizi wa pua hadi kinundu cha kisogoni, namvalisha kofia, najaza jeli kila kishimo kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Mtoto anakaa kwenye kichumba tulichokibandika magodoro ukutani, anatazama katuni isiyo na sauti, huku masikioni zinapita silabi: ba, ba, ba, ba, da. Haambiwi afanye chochote. Ubongo unasikiliza wenyewe, nasi nje tunatazama mistari ikitetemeka kwenye kompyuta. Akimaliza namwosha nywele. Hiyo ndiyo sayansi yangu, jeli na shampuu.

Leo Daktari, mkuu wetu, alikuwa akiwaeleza wazazi wa mtoto mmoja, nami nikajifanya nasuuza kofia ili nisikie.

"Ubongo wa watu wengi ukisikia sauti ileile tena na tena, unaizoea," alisema. "Mara ya kwanza unashtuka, baadaye unaitikia kivivu, unabaki na nguvu ya kushughulikia mengine, kama herufi. Kwa watu wengi wenye disleksia tunaona mazoea hayo ni hafifu. Sauti waliyoisikia sasa hivi inarudi kama mgeni anayebisha hodi mara ya kwanza. Kila mara ubongo uinuke, ukamfungulie."

Baba wa mtoto akauliza kama masikio yana kasoro.

"Masikio mazima, mzee wangu. Na akili nzima. Ila huko ndani kuna kazi ya ziada, na hatujaijua yote."

Nikazifikiria ba be bi bo bu tunazomsomesha Chiriku kila jioni, wageni wote hao wamejaa mlangoni. Niliacha bomba wazi, maji yakafurika hadi kwenye korido.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwomba Daktari ampime binti yangu. Kanuni haziruhusu ndugu wa wafanyakazi kuingia kwenye utafiti. Amesema ataangalia. Habari ya mhuri sikuitaja, nimeogopa atasema hapana mapema.

Jumamosi, 15 Machi

Kila jioni tukishakula tunafuta meza na kusomesha. Nyumba yetu ndivyo ilivyo, hakuna anayeachwa nje. Mimi natamka, wifi anatamka, baba yake anatamka, na Chiriku anafuatisha kwa kidole kitabuni. Mvua ikianza juu ya bati tunapaza sauti zaidi. Leo ukurasa aliousoma jana bila shida ulikuwa kama hajawahi kuuona.

"Jana ulilijua neno hili," nikamwambia.

"Jana lilikuwa limetulia, mama."

Baba yake akapiga meza. "Neno halitembei! Mimi nilipigwa nikasoma, leo ni fundi wa mafriji. Wewe unabembelezwa, ndiyo maana unacheza."

"Kaka, ukipiga meza hivyo hata mimi nasahau jina langu," wifi akasema.

Chiriku alicheka. Baba yake hakucheka, na mimi nimelala nimemgeuzia mgongo. Kuna siku namwona mtu mgumu asiye na huruma hata chembe.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Hakuna vipimo, mshindo wa bati unaingia hadi kwenye kichumba cha magodoro. Chiriku hakuimba. Anasema koo linauma.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Hakuimba. Nimelimulika koo kwa tochi, halina kitu.

Jumanne, 25 Machi

Daktari amekubali! Kuna mtoto amehama mji, nafasi yake Ijumaa ya wiki ijayo iko wazi. Chiriku atapimwa nje ya hesabu, yaani vipimo vyake havitaingizwa kwenye utafiti. Sijali viingizwe wapi, mimi nataka karatasi. Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikamwaga chumvi kwenye chai.

Jumatano, 2 Aprili

Ndoto mbaya. Nilikuwa najaza jeli kwenye kichwa cha Chiriku na haijai.

Alhamisi, 3 Aprili

Misuko lazima ifumuliwe, la sivyo vifungo havigusi ngozi. Wifi alimkalisha Chiriku katikati ya magoti yake, akafumua huku akilalamika kwamba kazi aliyoifanya kwa siku nzima inabomolewa na sayansi. Mimi nilikuwa nachana upande wa pili.

"Mama, ile mashine itaona ninachokifikiria?"

"Hapana. Inasikia tu ubongo unavyoitikia sauti."

Akanyamaza, jambo ambalo siku hizi ameanza kulizoea. Kisha akauliza taratibu, "Itaona kama mimi ni mjinga?"

Mkono wa wifi ukasimama. Nikasema hapana, mashine haina hilo. Nilisema haraka mno, na nywele nikazivuta, akalia kidogo. Alisema analia kwa sababu ya nywele.

Ijumaa, 4 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi jua lilitoka, nikaona ni dalili njema. Nilimpima kichwa mwenyewe, nikamvalisha kofia, nikajaza jeli. Vishimo nilivihesabu mara mbili. Yeye alikaa wima kama bibi harusi. Nikafunga mlango, nikaenda kukaa nyuma ya kioo pamoja na Daktari. Katuni ikaanza. Daktari akabonyeza, silabi zikaanza kupita.

Chiriku akaruka kitini. Mistari yote kwenye kompyuta ikachafuka.

"Mama! Ni wewe!"

Nikamwitikia kwenye maikrofoni, "Niko hapa, kaa utulie, usizungumze."

"Hapana, humu masikioni. Ni wewe unayesema!"

Daktari akanitazama. Mimi nikamtazama Daktari. Ninaapa kwamba kwa muda kidogo sikuelewa mtoto anasema nini. Kisha likanijia. Zile silabi nilizirekodi mimi. Nilikuwa mgeni kazini, Chiriku hajaanza hata shule, na msomaji waliyemtegemea alishikwa na mafua. Daktari alisema yeyote mwenye sauti safi atafaa, nikaingia kichumbani, nikasema ba na da hadi midomo ikafa ganzi. Tangu siku hiyo tunaisikia sauti ile kila siku ya kazi. Tumeizoea hadi hakuna anayeisikia, wala Daktari, wala mimi mwenyewe niliyeitoa. Mtoto mmoja kaingia na kuitambua papo hapo, na ni yule ambaye mimi na shule yake tunahangaika kwa kuwa sauti zinamtatiza.

Daktari akashika paji la uso, akacheka, akakatisha kicheko aliponiona. "Hapa tumeumbuka," akasema. "Ubongo wa mtoto na sauti ya mama yake, hayo ni mambo mengine kabisa. Vipimo hivi havisemi kitu."

Akataka kusimamisha. Chiriku akakataa kuvua kofia. Kwenye maikrofoni tukamsikia akiomba, "Niache niendelee kusikiliza kidogo." Daktari akamwacha. Alikaa hadi mwisho, katuni hakuitazama, alifumba macho na kutabasamu. Kwa ba, ba, ba, da! Mimi nje nilikuwa nalia kwa hasira.

Tutarudia lini, ndilo nililouliza. Daktari akavuta kiti. Hapo ndipo nilipomweleza yote, mwalimu mkuu, mhuri, shule nyingine. Alinisikiliza hadi mwisho, na uso wake ukabadilika.

"Dada yangu, mbona hukuniambia? Hata vingetoka safi nisingeweza kukuandikia. Tunachokiona tunakiona kwa watoto wengi wakiwekwa pamoja. Kichwa kimoja, siku moja, hakiniambii huyu anayo na huyu hana. Wapo wenye disleksia ambao mistari yao ni kama ya wengine, na wapo wasomaji wazuri ambao mazoea yao ni hafifu. Nikigonga mhuri nitakuwa nimesema uongo."

"Sasa nani anapima?"

"Mtaalamu wa usomaji. Anampa mtoto maneno, anamsikiliza, anauliza historia ya familia. Foleni yake ni ya mwakani, nitakuandikisha leo hii."

Mwakani. Shule inafungwa Mei. Nilimwosha Chiriku nywele kimya kimya, jeli haikutaka kutoka.

Tukiwa njiani akasema, "Mama, ile sauti yako ya kule ni nzuri sana."

Nikamwambia ni maikrofoni, ni za bei kubwa. Akanitazama kama mtu aliyetaka kuongeza neno, kisha akaacha.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Hakuimba.

Jumatano, 9 Aprili

Baba yake kauliza majibu. Nikasema bado yanachambuliwa. Uongo wa pili, na huu hauna hata sketi ya kujifichia.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumeongeza muda wa kusomesha, asubuhi kabla ya shule na jioni. Nimesema mimi. Chiriku anatamka anachoambiwa kutamka, basi. Hasimulii tena akila. Mwalimu wake wa darasa ameniambia mtoto amepoa, na alivyolitamka ni kama anampongeza.

Alhamisi, 17 Aprili

Kwenye ubao wa korido yetu kuna picha ya mistari miwili, mmoja wa wasomaji wa kawaida, wa pili wa wenye disleksia. Wa kwanza unashuka haraka kadiri sauti inavyorudiwa, wa pili unashuka kidogo tu. Mtoto wa chekechea anaweza kuona tofauti. Nimeipita picha hiyo leo sijui mara ngapi, na kila mara nimepunguza mwendo.

Jumanne, 22 Aprili

Nakala moja ya picha ile iko mkobani mwangu. Mhuri wa maabara unakaa droo ya kwangu, kwa kuwa mimi ndiye ninayepokea vifurushi. Sasa uko kwenye picha pia. Mwalimu mkuu hatajua. Hakuna jina juu yake, mimi sitasema ni ya nani, atafikiri mwenyewe. Nimekuwa nikijiambia hivyo tangu mchana.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo Chiriku hakusema neno tangu alipoamka. Tulipofuta meza baada ya kula akafungua kitabu mwenyewe, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akakaa. Mvua juu ya bati ilikuwa inamwagika kwa fujo. Nikatamka. Hakufuata. Nikatamka kwa sauti kubwa zaidi. Wifi akajaribu kwa utani, akamwita Chiriku aliyenyonyoka manyoya. Hakuna. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye ukurasa, kidole kiko palepale.

Nikamtazama baba yake, nikijua sasa atapiga meza. Akanyoosha mkono, nikajikunja. Akafunga kitabu.

"Tuache," akasema.

"Tuache vipi? Shule inafungwa karibuni, hujui hata..."

"Mama Chiriku, tuache." Akamvuta binti yake akampakata, mtoto mkubwa hivyo miguu inaburura chini. Kisha akasema akiangalia meza, "Mimi nilipigwa, ndiyo. Kusoma sikusoma. Nilikuwa nakariri. Mwenzangu wa dawati anasoma kwanza, mimi nashika, zamu yangu ikifika natema. Hadi leo friji jipya likija na kitabu chake natafuta mtu anieleze."

Wifi akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, na mimi nilidhani ulikuwa kichwa kuliko sote."

"Wote mlidhani."

Miaka yote nimemwona anampa mtoto kitabu kwa jeuri, kumbe alikuwa anaogopa kuliko mimi. Nikamweleza yote ya mwalimu mkuu, na ya mashine, na ya mwakani. Picha ya mkobani nikaibana. Akasema tu, "Tutaenda kumwambia ukweli." Akisema ukweli yeye, ni rahisi. Atakayekaa kwenye kile kiti ni mimi.

Jumapili, 27 Aprili

Hakuna kusomesha. Meza imefutwa ikabaki meza. Chiriku hakuimba, lakini amemsimulia wifi hadithi nzima aliyoisikia redioni, na wabaya wote akawapa sauti ya baba yake.

Jumanne, 6 Mei

Picha bado iko mkobani. Kila nikitafuta funguo naigusa.

Jumatano, 14 Mei

Ni kesho kutwa. Baba yake ameitwa kutengeneza jokofu la chanjo hospitalini, hawezi kuacha. Nitakwenda na Chiriku peke yetu.

Ijumaa, 16 Mei

Nimejikaza kisabuni asubuhi yote. Mvua ilikuwa imeacha, matope tu. Mwalimu mkuu alikuwa na vitabu vimepangwa mbele yake na feni inapiga kelele juu ya vichwa vyetu.

"Umeleta, Mama Chiriku?"

Nilikuwa nimepanga maneno. Mwalimu, mashine haijui mtoto mmoja mmoja. Mwalimu, tuko kwenye foleni. Niliyapanga njia nzima. Nikafungua mdomo, hayakutoka, nikaona mkono wangu unaingia mkobani na kutoka na picha. Nikaiweka mezani. Mhuri ulikuwa umekaa vizuri, wa bluu, umenyooka.

Mwalimu mkuu akavaa miwani, akaivuta karibu. Mistari miwili, mmoja unashuka, mmoja unabaki juu. Akaanza kutikisa kichwa polepole kama mtu anayeelewa. Nikawaza, imekwisha, amepanda darasa, na mimi nitaishi nalo.

Chiriku akainama juu ya meza. "Mama, hiyo ndiyo ya kwangu?"

Aliuliza kwa furaha. Alikuwa amesubiri toka ile Ijumaa aone mashine imemsema nini, na hakuwahi kuniuliza kwa sababu mimi sikuwa mtu wa kuulizwa. Ningemjibu ndiyo, angeamini maisha yake yote kwamba ule mstari ni wake.

"Hapana," nikasema. "Si ya kwako, mwanangu. Ni ya watoto wengi wakiwekwa pamoja. Ya kwako haikutoka."

Mwalimu mkuu akavua miwani.

"Na mhuri huu?"

"Nimeugonga mimi."

Kisha yakatoka yote, bila mpangilio. Kwamba mashine haipimi mtoto mmoja. Kwamba tulimpima kwa sauti yangu mwenyewe tukaharibu. Kwamba Daktari hawezi kuandika, mtaalamu ni wa mwakani, na nyumbani tumemsomesha hadi akanyamaza. Kwamba Daktari anasema sauti kwa watoto kama hawa zinakuja kila mara kama wageni, na sisi tumemjazia nyumba wageni. Kwamba si mvivu. Hilo nililirudia, nafikiri, zaidi ya mara moja, na pua ikinitiririka.

Mwalimu mkuu akaigeuza picha kifudifudi. Halafu akasimama, akazima feni, akaenda kabatini, akarudi na kitabu cha darasa la tano ambacho Chiriku hajawahi kukigusa. Akafungua katikati.

"Kama hakuna anayemnong'oneza, tuone. Msomee ukurasa huu, mama. Halafu nitamuuliza mimi."

Nikashika kitabu. Ilikuwa habari ya nyuki wanavyoelekezana njia ya maua. Nikaanza, na sauti ikatoka kama ya mtu anayesomewa hukumu, juu, inakimbia, inakatika. Sentensi ya pili nikairuka. Chiriku akanigusa mkono.

"Mama, siyo hiyo. Nisomee kwa ile sauti ya kule maabara."

"Ipi?"

"Ile ambayo huniogopei."

Sikujua niitafute wapi. Nilikumbuka tu kile kichumba cha magodoro, mimi nikiwa mgeni kazini, mwanangu yuko nyumbani anacheza, bado hakuna mtu aliyemwita chochote, sina ninachokihofia isipokuwa mdomo kukauka. Nikavuta pumzi. Nikarudi sentensi ya kwanza, nikasoma polepole, kwa sauti ya chini, kana kwamba hakuna anayengoja. Haikuwa ile. Lakini ilikuwa afadhali, na Chiriku alifumba macho.

Mwalimu mkuu akauliza. Chiriku akajibu. Akauliza la kumtega, Chiriku akasema hilo halikuwa kwenye habari, kisha akauliza yeye: nyuki akikosea njia, wenzake wanamfanya nini? Mwalimu mkuu akaangalia kitabu. Kitabu hakikuwa na jibu.

Akaikunja picha yangu mara mbili akanirudishia. "Hii irudishe ulikoitoa, na kwa mkuu wako useme mwenyewe. Sitasema mimi." Nikaitikia. "Mtoto atapanda la tano. Kwa muhula mmoja, tuone. Mitihani atasomewa, pembeni, chumba cha stoo, hakuna kelele. Atajibu kwa mdomo huku mwalimu akiandika. Na huyo mtaalamu wa mwakani nataka kuiona karatasi yake, ya kweli."

"Nitakuja kumsomea mwenyewe," nikasema.

"Wewe hapana, Mama Chiriku. Wewe unatetemesha hata mimi."

Chiriku alicheka hadi akashika tumbo. Nikamwambia akamalizie nje, huko acheke atakavyo.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemwambia Daktari kwa simu, sikuweza kungoja Jumatatu. Amekasirika, ana haki. Mhuri umeondoka kwenye droo yangu. Kazi ipo. Wiki ijayo tunatafuta mtu mwingine wa kurekodi silabi upya, maana hakuna anayejua ni watoto wangapi wengine wa majirani zangu wamewahi kuingia mle wakaitambua sauti yangu.

Nimemwomba ile ya zamani asiifute. Amesema atanipa nakala.

Jumapili, 18 Mei

Mvua ndogo. Ameimba bafuni, wimbo mmoja tu, tena nusu.

Baada ya chakula amenijia na kitabu cha nyuki, mwalimu mkuu kamwazima. Baba yake akavuta kiti akakaa upande wa pili, akisema anangoja chai, na chai alikuwa ameshaimaliza. Nikasoma. Katikati nikakumbuka mwakani, na muhula mmoja, na chumba cha stoo, na sauti ikaanza kunipanda.

"Mama."

Nikasimama, nikavuta pumzi, nikaanza upya mwanzo wa ukurasa.

"Bado siyo ile," akasema Chiriku, akaegemea bega langu. "Lakini inakaribia. Endelea."